Ukurasa Wenye Jina la Mjomba

Tukubaliane jambo moja kabla hatujafika mbali: watu hawasomi miongozo. Mtu ananunua mashine, kijitabu chake anakitupa pembeni pamoja na karatasi za kufungia, anabonyezabonyeza mpaka taa iwake, kisha anajiita fundi. Siku taa ikigoma ndipo anapokikumbuka kijitabu, anapiga magoti kukitafuta chini ya kabati, na akikuta kina kosa, hapo utasikia matusi ambayo hakuna kamusi iliyothubutu kuyaingiza. Wanaoandika miongozo wanalijua hilo. Hawategemei kushukuriwa. Wanaomba tu wasitukanwe.

Nukta alikuwa mmoja wao. Hilo si jina alilopewa na wazazi. Alilipata ofisini, kwa kuwa hakuna sentensi iliyopita mbele yake bila kukaguliwa mpaka kituo cha mwisho. Kazi yake ilikuwa kuandika na kusahihisha mwongozo wa hifadhidata, ile programu inayotunza kumbukumbu za watu kwenye kompyuta za maofisi: wagonjwa wa kliniki, wanafunzi wa vyuo, mita za maji, hata makaburi ya manispaa. Programu hiyo ina mipangilio mingi ya kutia kichaa, na mwongozo ndio unaomwambia fundi, hapa weka hivi, pale usiguse. Ukikosea neno moja, mtu usiyemjua, kwenye jengo ambalo hutalikanyaga maishani, atalitenda kosa lako kwa mikono yake mwenyewe na kwa imani yote.

Chumba cha waandishi kilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo na choo, mahali wanapowekwa watu ambao kampuni inawahitaji lakini haiwakumbuki. Kulikuwa na meza mbili zinazotazamana, dirisha linalofunguka nusu, birika la umeme ambalo mfuniko wake ulifungwa kwa mpira, na kwenye kona kompyuta ya majaribio iliyoitwa Punda. Waliipa jina hilo kwa sababu ilibebeshwa kila aina ya balaa na haikuwahi kulalamika.

Chumba hicho kilikuwa na sheria mbili. Hazikubandikwa ukutani, maana aliyezitunga alikuwa amekaa humohumo. Ya kwanza: mstari hauingii kwenye mwongozo mpaka aliyeuandika awe ameujaribu kwa Punda. Ya pili: kila ukurasa una jina la mwandishi chini yake, na ukikutwa na kosa, mwenye jina ndiye anayewaandikia wateja wote taarifa ya masahihisho, akieleza alikosea nini na kwa nini. Haandikiwi na bosi, wala hasaidiwi na mwenzake.

Mtunga sheria mwenyewe aliitwa Mjomba na jengo zima, kuanzia mlinzi wa getini hadi bosi. Lakini mjomba halali alikuwa wa mtu mmoja tu, naye ni Nukta, mtoto wa marehemu dada yake. Alimlea tangu ana meno ya utoto, akamsomesha, akamwingiza kwenye kazi hii, halafu akamnyima upendeleo wa kila namna. Nukta alipokuwa bado mgeni kazini aliandika mstari mmoja kwa kubahatisha. Mjomba akamwandikisha taarifa yenye jina lake, ikaenda kwa wateja wote, na Nukta akaenda kulilia chooni. Alipotoka alimkuta Mjomba amesimama koridoni na kikombe cha chai.

"Hongera," alimwambia huku akimpa kile kikombe. "Sasa wanajua kwamba upo."

Basi asubuhi moja simu ya chumba ikalia, na aliyepiga alikuwa fundi wa kompyuta wa kliniki ya wajawazito. Alizungumza taratibu, ule utaratibu wa mtu ambaye amekwisha kuogopa vya kutosha na sasa anatafuta pa kushika.

"Dada, samahani kwa usumbufu. Nimefungua mwongozo wenu, ukurasa wa nakala za akiba. Umesema nikitaka nakala zangu zisifutwe kamwe, niweke sifuri."

"Ndiyo."

"Nikaweka sifuri."

"Enhe."

"Sina nakala hata moja."

Nakala ya akiba ni pacha wa kumbukumbu zako. Unamweka kando, ili siku kumbukumbu zenyewe zikiharibika uwe na pa kurudi. Hospitali isiyo na nakala inaishi kwa kudra. Nukta akavuta kiti.

"Kumbukumbu zenyewe zipo?" aliuliza.

"Zipo, lakini diski yetu imeanza kutoa mlio ambao siupendi. Ndiyo maana nikasema niziangalie nakala, nipate kutulia. Nikakuta patupu. Mama zetu wote wamo humo, dada. Nani ana presha, nani alijifungua kwa upasuaji, nani damu yake haipatani na ya mtoto. Hii diski ikifa leo, mimi nitawaambia nini?"

"Usikate simu," Nukta alimwambia.

Akahamia kwa Punda. Akaweka sifuri, akatengeneza nakala, akaiuliza mashine zimebaki ngapi. Hakuna. Akarudia, maana jaribio moja halikumtosha kamwe. Hakuna. Akatafuta ujumbe waliotumiwa na watengenezaji wakati wa toleo jipya, ujumbe mrefu wa herufi ndogondogo, na katikati ya maelezo mengine yasiyo na mwisho akakuta walichofanya. Katika toleo la zamani sifuri ilimaanisha tunza milele. Katika toleo jipya wameamua sifuri imaanishe usibakize hata moja, na anayetaka milele aweke hasi moja. Akajaribu hasi moja. Nakala ikabaki.

Alimpa yule fundi maelekezo na kumsubiri kwenye simu mpaka nakala ya kwanza ilipokamilika.

"Ipo," fundi alisema hatimaye, na Nukta akamsikia akishusha pumzi. "Naiona. Mungu akubariki. Lakini dada, mimi nimeshtuka mapema. Kuna wenzangu wengi wanaofuata ukurasa huohuo, na diski zao hazipigi kelele."

Nukta alikata simu akiwa amekwisha kuusogeza ule ukurasa mpaka chini. Jina lililokuwa pale alilijua kabla hajalisoma. Lilikuwa la Mjomba.

Mjomba alirudi kutoka kwenye kikao cha asubuhi akipiga mluzi, akajitupa kwenye kiti chake. Nukta alimsimulia kila kitu polepole, akijitahidi neno kosa lisitokee mapema. Mjomba alimsikiliza huku akitabasamu, kama anayesikiliza mtoto akimweleza ndoto.

"Sifuri ni milele," alisema. "Mstari huo niliuandika wewe hujajua kufunga kamba za viatu."

"Kwenye toleo la zamani, Mjomba. Hili jipya wamebadilisha."

"Huyo fundi kakosea mahali pengine. Mafundi ndivyo walivyo."

"Nimejaribu kwa Punda. Mara mbili. Wewe ulijaribu?"

"Nilijaribu."

Alijibu harakaharaka, naye Mjomba hakuwa mtu wa kujibu haraka. Ukimuuliza saa ngapi alitafakari kwanza. Kisha akachukua kikombe chake na kusema anakwenda kuongea na watu wa mauzo, watu ambao kwa kawaida aliwakimbia kama ukoma.

Alipotoka, bosi akaingia. Fundi wa kliniki alikuwa amempigia na yeye. Bosi alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache alikuwa akiyapima.

"Hii si ya kwanza," alisema.

"Najua."

"Mwezi uliopita ule ukurasa wa muda wa kusubiri. Kabla yake ule wa kumbukumbu za muda. Nilinyamaza kwa sababu ni yeye." Akaliegemea lile kabati la faili. "Taarifa itoke leo, kabla watu hawajaondoka jioni. Asipoiandika yeye nitaiandika mimi, kisha nitamwondoa kwenye mwongozo wote. Simchukii, Nukta. Hata mimi alinifundisha. Lakini siwezi kwenda kumwambia mama mjamzito kwamba tulikuwa tunamstahi mzee."

Nukta alijua kwamba bosi alikuwa na haki.

Alitumia saa zilizofuata kupitia kila ukurasa ambao Mjomba alikuwa ameuandika kwa ajili ya toleo jipya. Aliufungua, akaujaribu kwa Punda, akaufunga. Na kadiri alivyoendelea ndivyo hasira zilivyompanda. Kila kitu ambacho watengenezaji hawakukigusa, Mjomba alikuwa amekieleza vizuri kupita kiasi, kwa lugha iliyonyooka ambayo Nukta alikuwa ameiiga tangu ujana wake. Kila kilichobadilika, alikuwa amekikosea. Hata kimoja hakukipata. Mtu mzembe hukosea huku na kule. Huyu alikuwa ameandika toleo jipya zima kutoka kichwani, bila kumgusa Punda.

Kumbe sheria ilikuwa ya kuwaliza wapwa chooni, mwenyewe haimhusu! Nukta aliiambia hivyo skrini, kwa sauti, na skrini haikumtetea mtu. Nami nakuambia, hasira ya kumkasirikia mtu aliyekulea ni mbaya kuliko zote, maana hujui pa kuiweka. Aliunda maneno ya kumwambia, akayapanga, akayapangua. Mwisho akaamua hatamwambia chochote. Atamfanyia kile Mjomba alichokuwa akimfanyia yeye.

Mjomba aliporudi alasiri, Nukta alikuwa amekwisha kumwekea kiti mbele ya Punda.

"Mjomba, tujaribu pamoja. Ukinionyesha sifuri inatunza, nitamwambia bosi mimi ndiye mwenye kosa, na yataishia hapo."

Alidhani atakataa. Lakini Mjomba alikaa, akajinyoosha mgongo, akaweka mikono kwenye kibodi. Vidole vyake havikuwahi kusitasita, na siku ile pia vilikwenda vyenyewe. Akaingia kwenye mipangilio, akaweka sifuri, akatengeneza nakala, akaiambia mashine iorodheshe nakala zote zilizopo. Hakukosea herufi. Ilikuwa raha kumwangalia.

Punda akajibu kwa mstari mmoja mfupi juu kabisa ya skrini. Hakuna nakala.

"Umeona?" Mjomba alisema, akakunja mikono kifuani. "Zipo zote. Ya jana, ya juzi, na hii tuliyoitengeneza sasa hivi."

Kwanza Nukta alidhani ni utani. Kisha akadhani anamdanganya mchana kweupe, na zile hasira zikamrudia zote kwa pamoja. Akageuka amwambie. Ndipo alipoutazama uso wake. Mjomba hakuwa na uso wa mwongo. Alikuwa na uso wa mtu aliyepokea habari njema. Na macho yake hayakuwa kwenye skrini. Yalikuwa yanatazama pembeni yake kidogo, ukutani.

"Nionyeshe ya jana," Nukta alisema taratibu.

Kidole cha Mjomba kikainuka, kikaelea mbele ya kioo, kikashuka mahali palipokuwa peusi, pasipo na neno lolote.

"Hapo."

Nukta alikaa kimya muda mrefu kuliko ilivyostahili, na ukimya ule ukamwambia Mjomba kila kitu. Kidole kikateleza kutoka kwenye kioo, kikarudi mapajani.

"Imesema nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Imesema hakuna nakala."

Mjomba akaitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Tangu lini?" Nukta alimuuliza.

"Kabla ya hili toleo. Ilianza kama doa la chai, katikati ya kila ninachokitazama. Nikafuta kioo cha kompyuta. Nikafuta miwani. Nikabadilisha miwani. Nikamgombeza fundi wa taa, masikini, hana kosa lolote." Akajaribu kucheka. "Sasa katikati pameondoka kabisa. Pembeni naona. Nikikutazama usoni, wewe sikuoni, naona masikio. Una masikio makubwa, unajua? Miaka yote hii sikuwahi kuyatilia maanani."

Nukta akacheka, na kicheko kikamgeukia njiani, ikabidi afiche uso kwenye kiganja.

"Daktari anasemaje?"

"Amenipa maneno marefu. Kwa ufupi, hayarudi."

"Mjomba, mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mimi ndiye niliyewakalisha watu hapa nikawaambia msiandike msichokiona. Halafu niinuke niseme mwenzenu sioni?" Alikuwa akizipapasa funguo za kibodi bila kuzibonyeza. "Nikajiambia, hii programu naijua tangu changa. Yote iko kichwani. Nitaandika kutoka kichwani, nani atajua? Sikujua kwamba wamebadilisha."

"Walituma ujumbe."

"Ndiyo. Mrefu. Nilikuwa nautazama na kuona pembe zake."

Nukta alimwonea huruma. Siku nzima alikuwa amemkasirikia mtu ambaye alikuwa akizama mbele ya macho yake, kwenye meza inayotazamana na yake, na yeye, msahihishaji hodari asiyepitwa na nukta, hakuona. Akafuta uso kwa ukosi wa blauzi na kuvuta kibodi upande wake.

"Sikiliza. Nitaandika mimi taarifa, kwa jina langu. Nitasema niliugusa ukurasa wako bila kukuuliza nikaharibu. Wewe utaomba likizo, tutajua la kufanya."

"Usiniibie kosa langu."

Ilikuwa sauti ileile iliyompeleka chooni kulia enzi zile. Nukta akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Ni langu," Mjomba aliendelea. "Kuna mama huko angeweza kuingizwa chumba cha upasuaji na hakuna anayejua damu yake, kwa sababu mimi niliona haya. Unataka nikae nyumbani nikila na kulala, nimekutwisha wewe hilo? Andika. Mimi nitasema."

Akasema, na Nukta akaandika. Mjomba alikuwa akitamka kwa mpangilio wake uleule wa siku zote, hana neno la ziada. Kwamba katika ukurasa wa nakala za akiba alieleza kuwa sifuri hutunza nakala milele. Kwamba si kweli, sifuri huzifuta zote. Anayetaka kutunza milele aweke hasi moja, na afanye hivyo leo, kisha ahakikishe nakala ipo. Kwamba kurasa nyingine alizoandika kwa toleo hili, akazitaja, zisifuatwe mpaka zijaribiwe upya. Kisha akasafisha koo.

"Niliandika bila kujaribu. Macho yangu hayasomi tena skrini, nami nilijua, na sikumwambia mtu. Jina langu."

Nukta aliyasikia hayo yote. Lakini vidole vyake viliandika hivi: Kosa lilitokana na uangalizi mdogo. Akaweka kituo, na chini yake jina.

Usimhukumu upesi. Alikuwa akiwafikiria wale vijana wa mauzo wakiisoma ile taarifa, na mafundi wa vyuo na manispaa, na mlinzi wa getini atakayesimuliwa, na namna sauti za watu zitakavyobadilika wakimsalimia Mjomba, zikiwa za polepole na kubwa kama wanazungumza na mgonjwa. Hakuweza kumfanyia hivyo.

"Nisomee," Mjomba alisema.

Akamsomea, na alipofika mwisho akasoma kilichotamkwa, macho yangu hayasomi tena skrini na mengine yote, bila kigugumizi, akiwa anaitazama sentensi nyingine kabisa.

"Nisomee tena mwisho."

Akasoma tena.

Mjomba akageuza kichwa pembeni kidogo, kama wafanyavyo wanaosikiliza redio.

"Nukta. Pale mwisho mimi nilisema maneno mengi. Wewe ulibonyeza machache."

Nukta akahisi masikio yake makubwa yakiwaka moto.

"Muda mfupi uliopita nimesoma kwenye hiyo mashine kitu ambacho hakimo," Mjomba alisema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi mpwa wake. "Lakini mimi sioni. Wewe una sababu gani?"

"Sitaki wakuone hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Kama mtu aliyekwisha."

Mjomba alilifikiria neno hilo. Nje, koridoni, mtu alipita akiburuta kiti.

"Mimi nimesema macho," alisema. "Hilo la kwisha umeliongeza wewe."

Nukta akafuta ile sentensi. Akaandika kama alivyoambiwa, neno kwa neno, huku machozi yakimdondokea kwenye kibodi bila kuyajali. Kisha akasoma, na safari hii alifuatisha maneno kwa kidole kwenye kioo, kama anayeanza shule, ili asimdanganye tena hata kwa bahati mbaya. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa ni sawa," alisema. "Usiitume kwanza. Nimpigie mke wangu. Asije akaambiwa na wateja."

Alitoka mkono mmoja ukiwa ukutani, na Nukta akajiuliza ni lini alianza kutembea hivyo. Kupitia mlango ulioachwa wazi alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Hapana, si miwani. Hapana, hata ukininunulia nyingine. Kisha sauti ya Mjomba ikawa laini namna ambayo Nukta hakuwahi kuisikia ofisini: haya, mama, haya, usilie, na mimi nikilia huku watasema nini. Aliporudi alikaa kwenye kiti chake cha kawaida, akajifuta uso kwa leso, akaikunja leso ile mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Tuma."

Nukta akatuma. Ikaenda kwa wateja wote, kwa jina la Mjomba, na nakala yake ikaingia kwenye kila simu ya ofisi. Walikaa wakisikiliza jengo. Mahali fulani ghorofa ya juu watu waliokuwa wakicheka waliacha kucheka.

Haukupita muda hatua zikaja koridoni, mlango ukasukumwa, na bosi akasimama pale simu ikiwa mkononi. Alikuwa amekuja na maneno yake, ilionekana, lakini alipomwona Mjomba yakampotea. Nukta alifungua mdomo aseme ni nani aliyeingia, kisha akaufunga.

"Nani huyo?" Mjomba aliuliza.

"Ni mimi, Mjomba."

"Humu ndani wote mnaniita Mjomba. Sema ni nani. Sikuoni."

Bosi alivuta pumzi. Kwa miaka yote aliyofanya kazi naye, hakuwahi kuulizwa hivyo.

"Ni bosi," alisema.

"Karibu, bosi. Umesoma?"

"Nimesoma."

"Basi niambie moja kwa moja. Umeniondoa?"

Nukta aliushika ukingo wa meza.

"Kuandika peke yako, ndiyo," bosi alisema. "Kuanzia sasa. Jina lako halitakaa tena peke yake chini ya ukurasa wowote." Mjomba aliinamisha kichwa, akakubali. Bosi akaendelea, sasa kwa haraka, kama anayeogopa sauti itamkatikia njiani. "Lakini zile kurasa ulizozitaja ni nyingi, na huyu mpwa wako hawezi kujua pa kuanzia. Hakuna mwingine katika jengo hili anayekumbuka toleo la zamani lilikuwaje. Mimi nilikuwa nimelisahau hata hilo la sifuri. Yeye atasoma na kujaribu, wewe utamwambia atilie shaka nini. Mimi nitakaa hapa mpaka nione inavyokwenda."

Akavuta kiti cha wageni, akakiweka mbele ya Mjomba, uso kwa uso, jinsi watu wanavyokaa wakitaka kuelewana. Mjomba akamkodolea macho pale alipokuwa, kisha akatikisa kichwa.

"Usikae hapo," alisema. "Hapo hakuna mtu. Sogea huku, karibu na bega langu."

Bosi akanyanyua kiti, akakisogeza upande, akasita, akakisogeza tena.

"Hapohapo," Mjomba alisema, na uso wake ukafunguka. "Sasa nakuona. Haya, Nukta, fungua ule wa manenosiri, ndio unaoniogopesha kuliko yote."